Msimu mmoja wa udongo: namna ya kuanza ufinyanzi wa mikono ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mtu akivutiwa na ufinyanzi, swali lake la kwanza huwa ni gurudumu la kuumbia vyungu: linauzwa wapi, la umeme au la kusukuma kwa mguu, bei gani. Jibu langu ni fupi. Usinunue. Ufinyanzi ni kuchimba, kuchuja, kukanda, kuumba, kukausha na kuchoma, na katika hizo zote gurudumu linagusa moja tu. Wapo wanaopenda kuumba na kuchukia yaliyobaki, na hao huacha mapema, gurudumu likabaki stoo. Njia nafuu ya kujua kama kazi hii ni yako ni kuipitia yote, toka shimoni hadi jikoni, kwa udongo wa hapa hapa, ndani ya kiangazi kimoja. Utahitaji ndoo mbili, neti kuukuu ya mbu, kuni, na uvumilivu wa kusubiri vitu vikauke.

Nimeandika nikimfikiria mtu wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe. Hali ya hewa yetu ina tabia zake, na nyingi zitajitokeza hapa chini.

Ratiba kwanza

Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Rungwe na Kyela huvuka hata Mei. Wakati huo udongo haukauki, kuni zimelowa na shimo la kuchomea linajaa maji. Basi chimba mwishoni mwa Mei au Juni, umba Juni na Julai, choma Agosti au Septemba. Kuna jambo moja la kuangalia: Juni na Julai usiku huwa na baridi kali, na sehemu kama Makete na Mufindi hupiga sakitu. Maji yaliyomo kwenye chungu kibichi yakiganda yanatanuka, na asubuhi unakuta ukuta umemegekameka. Vyombo vibichi vilale ndani ya nyumba.

Nenda Matema kabla ya kushika koleo

Tenga Jumamosi moja. Kutoka Mbeya unapita Uyole na Tukuyu kama unayekwenda Kyela, kisha unashika njia ya Ipinda hadi Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Jirani na Matema kuna Lyulilo, na soko la Jumamosi la hapo ndilo linalopokea vyungu vya Wakisi, watu wa mwambao huo. Wafinyanzi ni wanawake wa Ikombe na mwambao ulio chini ya Milima ya Livingstone. Vyungu huja kwa mitumbwi, vikashushwa ufukweni, vikapanda magari kwenda Kyela, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Kama umekulia Mbeya, huenda chungu kilichochemshia maharage kwenu kilipita pale.

Sokoni acha simu mfukoni kwanza. Shika chungu. Kigonge kwa kifundo cha kidole karibu na mdomo: kilicho kizima na kilichoiva hutoa mlio ulio wazi, chenye ufa hutoa sauti butu, hata kama ufa wenyewe huuoni. Ingiza mkono ndani upapase kuanzia kitakoni hadi shingoni, usikie unene unapobadilika. Tazama kitako kilivyo cha mviringo. Kona ndipo unene unapobadilika ghafla. Upande mmoja hupata moto na kutanuka kabla ya mwingine, na ufa huanzia hapo. Kwa hiyo chungu cha kupikia hakitakiwi kuwa na kona. Nunua kimoja kidogo ukae nacho nyumbani, kitakuwa mwalimu wako miezi yote hii.

Ukipata njia ya kufika Ikombe kwenyewe, kwa mtumbwi au kwa miguu kando ya ziwa, amkia wakubwa, sema umekuja kujifunza, na ulipe. Mama anayekuonyesha hatua kwa hatua ameacha kazi inayomlisha. Mlipe ujira wa siku au nunua vyungu vya kiasi hicho, na usishushe bei. Akikwambia leo hana nafasi, kaa pembeni utazame kama ameruhusu; mikono inafundisha zaidi ya maelezo.

Kutafuta udongo wa kwako

Hapa ndipo Nyanda za Juu zinapotofautiana kijiji kwa kijiji, na ndipo wengi wanapokata tamaa kwa kuchimba mahali pasipofaa.

Udongo wa miteremko ya Rungwe unatokana na majivu ya volkano. Migomba na chai huupenda sana, lakini mara nyingi ni mwepesi, unamomonyoka mkononi na haukubali kuvutwa. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Usangu, una tabia iliyo kinyume: unanata mno, unavimba ukipata maji, na ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Peke yake utakuvunja moyo, ukichanganywa vizuri unasaidia. Udongo mwekundu wa vilimani Iringa na Njombe una chuma nyingi na ukichomwa unatoa rangi nzuri, ila mara nyingi una mchanga mwingi. Mahali pa kuanzia kutafuta ni mabondeni, kule maji yalikopeleka chembe laini kwa miaka mingi. Wenye vinyungu (bustani za mabondeni) Iringa wanaufahamu udongo huo wa kijivu, ule unaong'ang'ania jembe. Waulize. Waulize pia wafyatua tofali: udongo wao ni mnene kuliko unaoutaka, lakini wanajua kila tabaka la bonde lao, na watakuonyesha sehemu wanayoikwepa kwa sababu tofali zake zinapasuka zikikauka. Sehemu hiyo ndiyo yako.

Omba ruhusa ya mwenye shamba, au ya serikali ya kijiji kama eneo ni la wote. Na usichimbe kwenye ukingo wa mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi na mboji, chimba chini yake. Beba kidogo kutoka sehemu tatu au nne, kila mfuko na alama yake. Hakuna haja ya kujaza gunia kabla ya kupima.

Vipimo vya nyumbani

Cha kwanza ni cha kidole. Lowesha udongo, ukande, uviringishe uwe kamba nene kama penseli, kisha uizungushe kwenye kidole. Ikizunguka bila kukatika, unavutika. Ikipasuka kidogo, bado una matumaini. Ikikatikakatika, tafuta pengine.

Cha pili ni cha chupa. Weka udongo hadi theluthi ya chupa ya maji iliyo wazi, jaza maji, tikisa sana, iache hadi kesho yake. Mchanga utakaa chini, vumbi la kati katikati, udongo laini juu. Tabaka la juu likiwa jembamba mno, ujue utachuja sana ili upate kidogo.

Cha tatu nisingekiruka hata kwa haraka. Tengeneza kipande bapa, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, kiache kikauke kabisa kivulini, upime tena. Mstari ukiwa sentimita 9.3, udongo umesinyaa kwa asilimia 7, na hiyo ni kawaida. Ukishuka chini ya 9, unasinyaa kupita kiasi na vyombo vyako vitapasuka vikikauka, hasa vikubwa. Utahitaji kuuchanganya na kitu kisichosinyaa.

Cha nne ni cha ndimu. Dondosha maji ya ndimu au siki kwenye udongo mkavu. Ukitoa povu, una chokaa. Upande wa Songwe, kule kulikojengwa kiwanda cha saruji kwa sababu ya mawe ya chokaa, kipimo hiki ni cha lazima. Punje ya chokaa ikichomwa ndani ya chungu haitaonyesha tatizo siku hiyo. Baadaye itafyonza unyevu wa hewa, itavimba, na kubandua kipande cha ukuta, ukiwa umeshamuuzia mtu.

Cha mwisho, tengeneza vibao vidogo vya ukubwa wa kiberiti, vikaushe, uvizike katikati ya mkaa kwenye jiko, upulize moto hadi viwe vyekundu, uviache vipoe humo humo. Kisha vilaze ndani ya maji usiku kucha. Kibao kilichobaki kigumu kimekuwa chombo. Kilichorudi kuwa tope hakikupata moto wa kutosha.

Kuandaa udongo

Uanike juani hadi ukauke kabisa, ndipo uuponde na kuutumbukiza kwenye ndoo ya maji. Mkavu kabisa unafumuka wenyewe ndani ya maji kwa muda mfupi, wakati mbichi hubaki mabonge mabonge hata siku tatu. Wanaoanza hufanya kinyume, wakidhani maji yatalainisha mabonge. Acha siku moja au mbili, koroga kwa mti, pitisha kwenye neti ya mbu iliyofungwa mdomoni mwa ndoo ya pili. Mizizi, mawe na mchanga mnene vibaki juu. Acha utulie, mwaga maji ya juu taratibu, kisha mimina uji uliobaki kwenye kitambaa kilichotandazwa juu ya mchanga mkavu. Baada ya siku chache utakuwa na udongo unaoweza kushikwa.

Sasa mchanganyiko. Chungu cha kupikia kinahitaji chembe ngumu ndani yake, ili kivumilie kutanuka na kusinyaa juu ya moto. Mchanga safi wa mtoni unafaa, lakini bora zaidi ni vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyopondwa kwenye kinu na kuchekechwa, kwa sababu vimeshapita motoni mara moja. Anza na kikombe kimoja cha unga wa vigae kwa vikombe vinne vya udongo. Kwa bakuli la mapambo punguza. Kwa chungu kikubwa ongeza kidogo. Ukiponda, funga pua na mdomo kwa kitambaa chenye maji na ponda nje ya nyumba. Vumbi hili lina chembe laini sana zinazokaa mapafuni na hazitoki. Kwa sababu hiyo hiyo, sakafu ya mahali unapofanyia kazi ipigwe deki kwa tambara lenye maji, isifagiliwe kavu.

Kisha kanda. Kanda kama unga wa chapati, kwa kiganja na uzito wa mwili, lakini usiukunje juu ya hewa. Kila baada ya muda kata bonge kwa uzi wa nailoni utazame ndani: ukiona matundu au mistari ya rangi mbili, endelea. Utasikia watu wakisema viputo vya hewa ndivyo vinavyolipua chungu motoni. Kinacholipua ni maji, na nitayafikia. Hewa hudhoofisha ukuta tu.

Funga bonge kwenye nailoni, liweke kivulini angalau wiki moja. Likianza kunuka kidogo usishtuke. Udongo uliolala huvutika vizuri zaidi kuliko wa leo.

Kuumba

Anza na bakuli la kubonyeza. Chukua bonge la ukubwa wa chungwa, lishike kwenye kiganja cha kushoto, ingiza dole gumba la kulia katikati ukiacha kitako cha unene wa kidole, kisha bonyeza ukuta taratibu huku ukizungusha, kutoka chini kwenda juu. Mdomo uachie mwisho. Ukianza nao utatanuka na kupasuka. Ukuta ulio sawa kote ni bora kuliko ukuta mwembamba. Tengeneza mengi. Yakate nusu kwa uzi kabla hayajakauka, utazame unene. Inauma kukata bakuli zuri, lakini hakuna njia nyingine ya kuona mkono wako ulifanya nini ndani, na udongo wake unarudi kwenye ndoo bila hasara.

Bakuli zikishalingana unene, nenda kwenye kamba. Tafuta kigae kilichojipinda, au sahani kuukuu, uweke juu ya kipande cha kitambaa. Hicho ndicho kitazunguka badala ya gurudumu. Weka kitako cha mviringo humo. Viringisha kamba za unene wa dole gumba, izungushe ya kwanza juu ya ukingo, na uishushe: kwa dole gumba upande wa ndani, kwa kidole cha shahada upande wa nje, ukivuta udongo wa kamba ushuke kwenye ukuta wa chini hadi mstari wa kuungana upotee. Usiridhike na kuupaka juu juu. Chungu kinachopasuka kwa mduara, kama kimekatwa na kisu, kinakuonyesha kamba ambayo haikuunganishwa.

Ukuta ukifika kimo cha sentimita nane hivi utaanza kulegea. Simama. Funika mdomo kwa kitambaa chenye unyevu ili uendelee kukubali kamba mpya, acha sehemu ya chini ipate nguvu, rudi baada ya saa moja au mbili. Jua la kiangazi cha Mbeya na upepo wake vitakudanganya: nje kunakuwa kugumu, ndani bado kuko laini. Fanyia kazi ndani ya chumba kisichopitisha upepo.

Vifaa havinunuliwi. Kipande cha kibuyu cha kukwangulia, kijiko cha zamani, gunzi la muhindi, kipande cha chupa ya plastiki kilichokatwa nusu duara, kokoto laini la mtoni. Gunzi likiviringishwa kwenye bega la chungu linaacha nakshi nzuri ya haraka. Masikio ya chungu yabandike wakati ukuta na sikio vina unyevu unaolingana: kwaruza pande zote mbili, paka uji wa udongo, bonyeza. Udongo uwahi ungali maji, walisema wakubwa, na kwa masikio hakuna msamaha.

Kung'arisha kwa kokoto kuna saa yake. Ukibonyeza kwa kidole ukuta haubonyei, lakini ukucha bado unaacha alama: hapo ndipo. Sugua kwa miduara midogo hadi uone mng'ao. Mapema zaidi kokoto linachimba, baadaye zaidi linakwaruza tu. Ni kazi ya saa nzima kwa chungu cha wastani, na kwangu mimi ndiyo saa tamu kuliko zote. Wengine wanaichukia.

Kukausha

Wiki mbili kivulini, mdomo ukiwa umefunikwa siku za mwanzo kwa sababu ndio unaokauka upesi. Geuza chungu kifudifudi mdomo ukishakaza, ili kitako nacho kipate hewa. Kipimo ni shavu: gusisha chungu shavuni asubuhi. Kikiwa cha baridi kuliko hewa ya chumba, bado kina maji. Siku mbili za mwisho kianike juani mchana na kukirudisha ndani jioni.

Kuchoma

Soma sehemu hii yote kabla ya kuwasha kiberiti.

Chagua siku isiyo na upepo na mahali palipo mbali na nyumba, mazizi na majani makavu. Agosti hadi Oktoba ni majira ya moto kichaa huku kwetu, na cheche moja inatosha kuteketeza shamba la misindano la jirani. Fyeka duara pana hadi udongo ubaki mtupu, weka ndoo za maji na magunia yaliyoloweshwa, mwarifu mwenyekiti wa kitongoji au mtaa. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Vaa nguo za pamba, kwani za nailoni huyeyukia mwilini. Matairi na plastiki visiguse moto huu hata kwa kuwashia, moshi wake ni sumu.

Chimba shimo la kina cha goti, upana wa kutosha vyombo vyako na nafasi ya mkono kila upande. Washa moto mdogo ndani yake kwanza ili kukausha ardhi, uache ufifie. Wakati huo vyungu viwe vimepangwa pembeni kuzunguka moto, ukivigeuza kila baada ya muda na kuvisogeza karibu kidogo kidogo. Hapa ndipo vyungu vinaponusurika au kupotea. Katika mwinuko wa Mbeya, karibu mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi. Chungu kinachoonekana kikavu bado kina maji ndani ya ukuta; yakichemka kabla ya kupata njia ya kutoka, mvuke unabandua kipande kwa mlio unaoufahamu ukishausikia mara moja. Chukua saa mbili au tatu katika kupasha. Vyungu viwe vya moto kiasi cha kutoshikika kwa mkono mtupu ndipo viingie shimoni.

Tandaza shimoni vigae au mawe makavu (mawe ya mtoni yaache, hulipuka), juu yake maranda au pumba, kisha panga vyungu vifudifudi, vikubwa chini. Jaza nafasi kwa mavi makavu ya ng'ombe na magunzi. Zungushia kuni zilizokauka kabisa, funika juu kwa vigae vikubwa, kisha kuni tena na majani makavu. Nishati haitushindi huku: Mafinga kuna vilima vya maranda kwenye viwanda vya mbao, Kyela na Mbarali kuna pumba za mpunga, na kila ua lina magunzi. Kuni za miwati zinatoa joto kali na la kudumu. Misindano inawaka haraka na kuisha.

Washa kutoka juu, moto ushuke taratibu. Nusu saa ya mwanzo usichochee. Ukiona moto umekolea pande zote, ongeza kuni kidogo kidogo, kwa saa mbili au zaidi. Karibu na nyuzi 573 chembe za mchanga hubadilika ukubwa kwa ghafla, zikipanda na zikishuka, kwa hiyo upepo wa baridi ukipiga chungu wakati huo kinapata ufa. Ndiyo maana huruhusiwi kuchungulia kwa kufunua. Moto wa wazi kama huu hufika kati ya nyuzi 600 na 900. Panga kilele chake kiwe jioni, giza likianza kuingia, maana rangi ndiyo kipimo chako: vyungu vikionekana vyekundu hafifu kati ya makaa, udongo umeshaachia maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake na hautarudi kuwa tope tena. Vishikilie kwenye rangi hiyo kadiri kuni zinavyoruhusu.

Kisha funika kila kitu kwa majivu na uende kulala, ukiwa na hakika hakuna cheche nje ya duara. Usifukue hadi kesho yake mchana. Ukitaka vyungu vyeusi kabisa, kabla ya majivu mwaga maranda mengi juu ya makaa na uzibe kwa udongo. Moto ukikosa hewa, moshi unaingia kwenye ukuta. Mabaka meusi yaliyokuja yenyewe yaache. Hayapunguzi uimara.

Kusoma ulichotoa shimoni

Vipande vilivyobanduka kama magamba ni maji: ongeza muda wa kukausha na kupasha. Ufa unaoshuka kutoka mdomoni ni kukauka upesi. Ufa wa kitakoni ni kitako kilichoachwa kinene au hakikubonyezwa vya kutosha. Mlio butu bila ufa unaoonekana, na udongo unaomomonyoka kwenye maji, ni moto mdogo. Hicho unaweza kukirudisha shimoni. Andika haya kwenye daftari siku hiyo hiyo pamoja na mchanganyiko uliotumia, kwa sababu baada ya wiki mbili utakumbuka vyungu vizuri tu.

Kilichopona kiandae kabla ya kupikia. Kiloweke maji, kisha chemshia humo uji mwepesi wa mahindi au maji ya mchele kwa moto mdogo, uache upoe humo. Wanga unaziba vitundu. Kiweke juu ya mafiga moto ukiwa mdogo, na usimimine maji baridi kwenye chungu cha moto. Mtungi wa maji usiuzibe, kwa kuwa unapoza kwa kutoa jasho kupitia vitundu hivyo hivyo. Rangi za mafuta ni za vyombo vya mapambo pekee, na dawa za kung'arisha zisizo na maelezo usizipake kwenye chombo cha chakula, kwani baadhi huwa na risasi.

Je, ni yako?

Jiulize kuhusu zile wiki ambazo hakukuwa na cha kuonyesha mtu. Wakati wa kuchuja, muda ulienda vipi? Ulipofukua shimo ukakuta nusu imepasuka, wazo la kwanza lilikuwa kuacha, au ulianza kupanga vigae kutafuta chanzo? Ukiwa kwenye basi la Iringa, unatazama kingo za barabara zilizokatwa ukihesabu matabaka ya udongo? Kama ndiyo, tayari umeshanaswa. Kama ulifurahia kuumba peke yake, hilo nalo ni jibu la heshima: nunua udongo ulioandaliwa, umba vitu vidogo Jumapili, uwaachie wengine kuchoma.

Waliokubali kunaswa, msimu wa pili usiukimbize kwenye maumbo mapya. Tengeneza bakuli moja mara nyingi, ukubwa ule ule, hadi zikae moja ndani ya nyingine. Ukifikiria kuuza, pita Neema Crafts pale Iringa mjini, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana na ambacho mafundi wake ni watu wenye ulemavu. Tazama kazi za mikono zinavyomaliziwa na kupangwa kwa ajili ya mnunuzi anayechagua. Ofisi za mkoa za SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, nazo ni mahali pa kuulizia mafunzo ya biashara ndogo. Bei yako ihesabu kuni na vyungu vilivyopasuka, siyo vile vilivyopona tu. Gurudumu lifikirie baada ya hapo, ukijua kwamba linataka udongo laini usio na vigae, tofauti na huu wa kupikia, ambao utakuchubua viganja.

Oktoba ikiisha chimba udongo wa mwakani ungali mkavu, uuchuje, uufunge kwenye nailoni mbili ndani ya ndoo yenye mfuniko, na uweke alama ya bonde ulikotoka. Kuni zipange chini ya paa. Vigae vilivyobaki viponde msimu wa mvua, siku isiyonyesha, kwani hakuna kazi nyingine ya ufinyanzi inayowezekana Januari.